Umepata barua ya "pre-approved"? Fanya haya kabla hujajaza fomu

Kila wiki kuna mtu ananitumia kwa WhatsApp picha ya barua ya benki inayomtangazia kadi ya mkopo (credit card). Huwa ni ile ile: bahasha ndefu yenye kidirisha, ndani karatasi nzito nzuri, pengine na kadi ya plastiki ya mfano iliyobandikwa kwa gundi, na jina lake kwa herufi kubwa. Juu pameandikwa "You're pre-approved", yaani umeshaidhinishwa. Swali nalo halibadiliki: "Kaka, hii kadi nimeshapewa au bado?"

Bado. Benki imeliona jina lako kwa mbali ikapenda ilichokiona. Ukijaza fomu ndipo inasogea karibu na kukupima upya, na kipimo cha pili ndicho kinachotoa kadi. Mwongozo huu ni wa ndugu zangu mnaoishi Marekani, hasa mliofika miaka ya karibuni kutoka Kenya, Tanzania, Kongo au Burundi, ambao barua hizi zimeanza kujaa kwenye sanduku na hamna wa kumuuliza. Mimi mwaka wangu wa pili hapa nilijaza fomu tatu usiku mmoja, kwa kuwa barua zote tatu zilinipongeza. Mbili zikanikataa, ya tatu ikanipa kadi ya kikomo cha dola 300 (mwisho wa kukopa) yenye ada ya mwaka. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba zile mbili zilikuwa matangazo ya kawaida, na maombi yale matatu yalikaa kwenye faili langu la mikopo miaka miwili.

Barua inatoka wapi

Kwa ufupi tu. Kampuni tatu, Equifax, Experian na TransUnion, zinaweka kumbukumbu za mikopo ya karibu kila mtu mzima nchini. Benki hupeleka vigezo vyake kwa mojawapo, kwa mfano: nataka watu wenye alama (credit score, namba inayopima unavyokopa na kulipa) kuanzia kiwango hiki, wasio na kesi ya kufilisika, wa majimbo haya. Kampuni inapekua mafaili na kurudisha orodha ya majina na anwani. Upekuzi huo ni mwepesi, haukupunguzii alama hata moja, na wakopeshaji wengine hawauoni.

Sheria ya mwaka 1970 inayoitwa Fair Credit Reporting Act inasema benki iliyopata jina lako kwa njia hiyo lazima ikupe ofa ya kweli. Ukiwa bado unatimiza vigezo ilivyoviweka, haina ruhusa ya kukugeuka. Shida iko kwenye hilo neno "bado". Toka orodha ilipotoka hadi siku unayoomba, wiki kadhaa zimepita: huenda umechukua mkopo wa gari, kadi ya zamani imejaa, malipo fulani yamechelewa. Tena benki inaruhusiwa kuuliza kipato chako, kitu ambacho hakimo kwenye faili kabisa.

Vitu vya kuwa navyo mezani

- Barua yenyewe, kurasa zote. Usitupe ile karatasi ya maandishi madogo.
- Namba ya Social Security (SSN), au ITIN kama huna SSN. ITIN ni namba ya mlipa kodi, hutolewa na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa fomu W-7, na baadhi ya benki huipokea.
- Kitambulisho chenye jina lako lilivyoandikwa rasmi.
- Anwani ya unapolala. Sanduku la posta peke yake halitoshi.
- Karatasi mbili tatu za mshahara za karibuni, au fomu ya kodi ya mwaka jana.
- Kodi ya nyumba unayolipa kwa mwezi.
- Taarifa ya mwezi uliopita ya kila kadi uliyo nayo.
- Saa moja ya utulivu. Usijaze fomu hii kwenye basi.

Hatua ya 1: Jua ni barua ya aina gani

Tafuta ukurasa wa kwanza kisanduku kidogo chenye maneno yanayoanza hivi: "You can choose to stop receiving 'prescreened' offers". Sheria inalazimisha kiwepo, na maelezo marefu zaidi yawe ndani ya barua. Ukikiona, jina lako limetoka kwenye mafaili ya mikopo. Usipokiona, basi ama ni benki unayoweka nayo pesa imetumia kumbukumbu zake yenyewe, ama ni tangazo tu. Maneno "invitation to apply" maana yake ni karibu ujaribu, hakuna aliyekupima. "Prequalified" liko katikati: mabenki hulitumia wanavyotaka, kwa hiyo kiamini kisanduku kuliko neno.

Kisha hakikisha barua ni ya benki kweli. Usipige simu iliyo kwenye barua wala usiskani msimbo wake. Andika mwenyewe anwani ya tovuti ya benki, tafuta ukurasa wa kujibu ofa za barua, ingiza namba ya mwaliko iliyochapwa kwenye karatasi. Ikikubalika, endelea.

*Tahadhari:* anayekupigia simu akisema umeidhinishwa ila utangulize ada, au umtajie SSN "athibitishe", ni mwizi. Kata simu. Na yule anayekuuzia namba mpya ya tarakimu tisa, CPN, uitumie badala ya SSN yako ili "uanze upya", anakuuzia kesi ya jinai. Nasikitika kusema wengine wao huongea Kiswahili safi na tunasali nao pamoja.

Hatua ya 2: Vuta ripoti zako tatu

Ingia AnnualCreditReport.com, au piga 1-877-322-8228. Ni bure, kila wiki ukitaka, kutoka kampuni zote tatu. Tovuti nyingine zenye majina yanayofanana na hilo mara nyingi zinataka namba ya kadi yako, ziache. Mgeni anaweza kushindwa maswali ya utambulisho ya mtandaoni, yale ya "uliishi mtaa gani kati ya hii minne". Usihangaike, omba ripoti zije kwa posta.

Ripoti hazina alama, zina historia tu. Alama yenyewe mara nyingi utaiona bure kwenye programu ya benki yako.

Kama hujawahi kukopa hapa, huenda faili lako ni tupu. Alama ya FICO, inayotumiwa na wakopeshaji wengi, haitoki mpaka uwe na akaunti moja yenye umri wa angalau miezi sita, na iwepo iliyotolewa taarifa ndani ya miezi sita iliyopita. Deni la nyumbani halikufuati, na sifa nzuri ya nyumbani nayo haikufuati. TransUnion ipo Kenya pia na inahesabika kati ya CRB (kampuni za kumbukumbu za mikopo za kule), lakini faili la kule na la huku hayaonani. (American Express imewahi kupokea historia ya mikopo ya Kenya kupitia Nova Credit, kwa hiyo uliyekuwa na rekodi nzuri Nairobi, uliza.)

Ndugu waliokuja kama wakimbizi, tazameni kwa makini. Ile nauli ya ndege mliyokopeshwa kupitia IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, ni mkopo wa kweli, hauna riba, na mashirika kadhaa yanayoukusanya hupeleka taarifa za malipo kwenye zile kampuni za kumbukumbu za mikopo. Kwa wengi ndio mstari wa kwanza kabisa kwenye faili. Nimewaona watu wenye alama nzuri ambao hawakuwa na kadi hata moja, ni ile nauli tu waliyoilipa kila mwezi bila kukosa. Nimeona na kinyume chake: barua za deni zilienda nyumba ya zamani, mtu hana habari, faili limeharibika kabla hajaanza maisha.

Hatua ya 3: Safisha jina, tarehe na anwani

Hapa ndipo watu wetu wanapoumia kuliko watu wengine, kwa hiyo tulia hapa.

Chukua mfano wa mtu anayeitwa Hamisi Juma Hamisi. Kwenye kadi ya SSN ni Hamisi J. Hamisi. Kwenye leseni ni Juma Hamisi, kwa sababu karani alidhani jina la katikati ndilo la kwanza. Benki ilimwandika Hamisi Hamisi. Kompyuta inaweza kumgeuza watu watatu wenye mafaili matatu membamba, kila moja halitoshi kutoa alama. Au linatokea baya zaidi. Kambini Nyarugusu, Kakuma na kwingineko, ambaye hakuwa na cheti cha kuzaliwa mara nyingi aliandikiwa tarehe 1 Januari. Sasa weka akina Hamisi wawili, wote wa 1 Januari, mwaka mmoja, mji mmoja, pengine jengo moja la vyumba vya kupanga. Deni la mmoja linatua kwenye faili la mwenzake.

Kwa hiyo, ripoti zikiwa mbele yako:

a) Soma orodha ya majina yaliyo juu. Usilolijua, lipigie mstari.

b) Soma anwani. Ambayo hujawahi kuishi ni dalili ya kuchanganywa na mtu au kuibiwa jina.

c) Soma kila akaunti: nani alikukopesha, ilifunguliwa lini, kikomo, salio, na ule mstari wa miezi unaoonyesha kama ulilipa kwa wakati.

d) Lenye kosa, pinga kwa maandishi kwenye kila kampuni yenye kosa hilo, na uambatishe nakala ya kitambulisho na ushahidi. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza na kukujibu.

e) Kuanzia leo chagua namna moja ya kuandika jina, ile iliyo kwenye kadi ya SSN, uitumie kila mahali. Namba ya chumba pia iandike vile vile kila mara.

Kama ulianza na ITIN kisha ukapata SSN, waandikie kampuni zote tatu waunganishe historia. Haijiungi yenyewe.

Ukiwa na kosa kubwa, usiombe kadi mpaka lirekebishwe. Ofa ina tarehe ya mwisho, ndiyo, lakini nyingine itakuja. Zinakuja kila mwezi.

Hatua ya 4: Jipime kabla hujapimwa

FICO inaanzia 300 hadi 850, na uzito wa kila jambo unajulikana: kulipa kwa wakati 35%, kiasi unachodaiwa 30%, umri wa historia 15%, maombi na akaunti mpya 10%, mchanganyiko wa aina za mikopo 10%. Yaani mambo mawili ya kwanza yana karibu theluthi mbili ya kila kitu, nayo ndiyo unayoweza kuyashika mkononi.

La malipo ni jepesi kueleza. Ukichelewa siku 30 au zaidi, mkopeshaji anaweza kupeleka taarifa, nayo inakaa miaka saba. Ukichelewa siku tano utatozwa faini, lakini faili kwa kawaida halichafuki.

La deni linahitaji mfano. Dada mmoja ni muuguzi msaidizi katika nyumba ya wazee, dola 17 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Ana kadi moja ya kikomo cha dola 500. Kila mwezi ananunua humo mafuta ya gari na chakula hadi dola 430, kisha analipa zote siku ya mwisho ya kulipa. Anajiona hana deni, na kweli halipi riba hata senti. Lakini benki hupeleka salio lake karibu na siku hesabu ya mwezi inapofungwa, na siku hiyo salio linasoma 430 kati ya 500. Hiyo ni 86%. Anayemtazama kwa mbali anaona mtu aliyekabwa. Dawa yake ni kubadilisha siku tu: alipe 390 siku tatu kabla ya hesabu kufungwa, iandikwe 40, ambayo ni 8%, halafu amalizie hiyo 40 kwa wakati. Pesa ni zile zile, faili ni jingine kabisa. Asubiri taarifa mpya iingie, ndipo aombe.

Watu husema ukae chini ya 30%. Mimi nasema chini ya 10% mwezi unaotaka kuomba, baada ya hapo ishi kawaida.

Upande wa kipato, sheria ya kadi ya mwaka 2009 inaitaka benki iangalie kama utaweza kulipa. Hapo italinganisha kipato chako cha mwaka na kodi ya nyumba na madeni. Dada yule ana 17 mara 40 mara 52, yaani dola 35,360 kabla ya makato. Pesa unayotuma nyumbani fomu haiulizi. Benki itakuhesabu kama vile dola 300 za mama kila mwezi hazipo, kwa hiyo wewe ndiye wa kuzihesabu. Kikomo watakachokupa kimekadiriwa kwa mtu asiyetuma chochote.

Aliye chini ya miaka 21 anatakiwa awe na kipato chake mwenyewe au mdhamini anayekubalika, na kwa kawaida barua za namna hii haziruhusiwi hata kumfikia bila idhini yake. Kijana wako wa miaka 19 akizipata, angalia kama tarehe yake ya kuzaliwa imekosewa kwenye faili.

Hatua ya 5: Soma jedwali la riba na ada

Kila ofa lazima iwe na jedwali la masharti. Riba ya manunuzi huandikwa humo kwa herufi kubwa. Soma mistari hii tu, inatosha:

- Riba ya mwaka ya manunuzi. Ukipewa kiwango kuanzia namba hii hadi namba ile, jiandae kwa ile ya juu.
- Riba ya kuanzia. Kama ni 0%, ni ya miezi mingapi na baadaye inakuwa ngapi?
- Ada ya mwaka. Sheria inazuia ada za mwaka wa kwanza kuzidi robo ya kikomo. Kwa kikomo cha dola 300 wanaweza kukukata hadi dola 75. Kadi ya namna hiyo ikatae, hata kama ndiyo ya kwanza kukupenda.
- Ada na riba ya kutoa fedha taslimu.
- Ada ya manunuzi nje ya nchi. Ukienda Mombasa au Dar likizo utaikuta.

Ili ujue riba inavyouma: salio la dola 1,200 kwa riba ya 24% ni takriban dola 24 kwa mwezi kabla hujapunguza chochote kwenye deni. Ukilipa salio lote kila mwezi kabla ya siku ya mwisho, manunuzi hayatozwi riba kwenye kadi zenye muda wa neema, na kadi nyingi zinao. Ndugu Waislamu wengi huniuliza kuhusu hili. Kulipa lote kunaondoa malipo ya riba, lakini sharti la riba linabaki kwenye mkataba unaousaini, na hilo ni swali la kumpelekea shehe wako kabla ya kujaza.

Hatua ya 6: Jaza fomu mara moja, kwa ukweli

1. Ingia kwenye tovuti ya benki uliyoiandika mwenyewe, uweke namba ya mwaliko.
2. Andika jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani kama vilivyo kwenye ripoti uliyosafisha.
3. Kipato: andika cha mwaka mzima kabla ya makato. Hapa wageni wengi huandika cha mwezi, wakakataliwa kwa kipato cha dola 2,900 kwa mwaka. Kazi ya pili ihesabu. Saa za ziada zihesabu kama unazipata kweli na unaweza kuzionyesha. Uliyefikisha miaka 21 unaruhusiwa pia kuhesabu kipato cha mwenzi wako kama pesa hizo unazifikia, kwa mfano zinaingia akaunti ya pamoja.
4. Kodi ya nyumba: andika sehemu unayolipa wewe, kama mnashirikiana.
5. Kataa bima na huduma za ziada zinazopendekezwa mwishoni.
6. Soma ukurasa wa mwisho kabla ya kubonyeza. Ukibonyeza unaruhusu upekuzi mzito, ambao unaonekana na kila mkopeshaji, hukaa miaka miwili, na FICO huuhesabu kwa miezi 12. Kwa kawaida unapunguza alama chache tu. Ni mmoja, si msiba. Shida ni watatu kwa usiku mmoja.

*Tahadhari:* usiongeze kipato. Kudanganya kwenye ombi la benki ni kosa la jinai la serikali kuu, na kwa mtu ambaye makaratasi yake ya uhamiaji hayajakamilika sijui kikomo cha kadi kinachostahili hatari hiyo.

Hatua ya 7: Jibu likija

Mara nyingi ni dakika moja. Wakisema watakujibu kwa barua, usiombe tena wala usiende benki nyingine kwa hasira. Huenda wanataka tu nakala ya kitambulisho au ya mshahara. Angalia sanduku kila siku, na kama mnaishi wengi nyumba moja waambie wenzako wasitupe bahasha yenye jina lako.

Ukikubaliwa, kadi huja ndani ya siku chache. Iwashe, weka malipo ya moja kwa moja ya angalau kiasi cha chini ili usije ukasahau, halafu ulipe salio lote kwa mkono wako. Taarifa ya mwezi lazima itumwe kwako angalau siku 21 kabla ya siku ya mwisho, kwa hiyo muda unao.

*Tahadhari kubwa ya mwezi wa kwanza:* usitume pesa nyumbani kwa kadi ya mkopo. Unapotuma kwenda M-Pesa kupitia programu za kutuma fedha na kuchagua kadi hii kama chanzo, benki inaweza kuihesabu kama kutoa fedha taslimu. Hapo unatozwa ada papo hapo, riba yake huwa juu kuliko ya manunuzi, na inaanza siku ile ile bila muda wa neema. Ndiyo namna ya kawaida kuliko zote ninayoona watu wetu wakiingia kwenye deni bila kununua kitu. Tumia akaunti ya benki au kadi ya debit kwa kutuma.

Mambo yakikwama

*Nimekataliwa ingawa barua ilisema nimeidhinishwa.* Benki inatakiwa kukujulisha uamuzi ndani ya siku 30 na kukupa sababu, au kukuambia jinsi ya kuziomba. Zisome neno kwa neno. "Salio kubwa kulinganisha na kikomo" rudi Hatua ya 4. "Historia fupi" ni ya kusubiri tu. "Hatukuweza kuthibitisha utambulisho" rudi Hatua ya 3. Barua hiyo pia inakupa haki ya ripoti ya bure kutoka kampuni waliyoitumia, ndani ya siku 60. Kisha piga simu benki uombe ombi lako litazamwe upya na mtu. Nimeona kukataliwa kukigeuzwa kwa simu ya dakika kumi, pale ambapo tatizo lilikuwa namba ya chumba tu. Na kama unaamini umekataliwa kwa sababu ya asili yako, dini yako, au kwa kuwa kipato chako ni msaada wa serikali, sheria ya mwaka 1974 ya usawa katika mikopo inakataza hilo. Peleka malalamiko CFPB, idara ya serikali kuu inayowalinda wateja wa huduma za fedha.

*Wanasema hawawezi kufungua faili langu.* Huenda uliligandisha zamani (freeze), yaani ulilifunga ili mkopeshaji mpya asilifungue. Kugandisha na kuyeyusha ni bure tangu 2018, na ukiomba kwa simu au mtandaoni kampuni ina saa moja kuliyeyusha. Waulize benki wanatumia kampuni ipi, uyeyushe hiyo tu kwa siku chache.

*Sipati barua hata moja.* Faili ni jipya. Anza na kadi ya amana: unaweka, tuseme, dola 200 benki au chama cha akiba na mikopo cha mtaani kwako, nazo zinakuwa kikomo chako. Uliza kabla ya kuweka: "Mnapeleka taarifa kwenye kampuni zote tatu?" Wakisita, ondoka. Njia nyingine ni ndugu mwenye nidhamu akuongeze kama mtumiaji kwenye kadi yake, lakini kumbuka akichelewa yeye, unaweza kuchafuka na wewe.

*Barua zinakuja kwa jina la mpangaji wa zamani.* Usizifungue. Andika juu kwamba haishi hapo, zirudishe posta.

*Nimeona kadi nisiyoiomba kwenye ripoti.* Gandisha mafaili yote matatu leo, piga simu kwa benki iliyotoa kadi, kisha andikisha taarifa IdentityTheft.gov. Mara nyingi chanzo ni barua kama hizi zilizochomolewa sandukuni au kuokotwa kwenye takataka zikiwa nzima. Zichane vipande vidogo, na sehemu yenye jina na namba ya mwaliko uitupe kwenye mfuko tofauti.

*Nimechoka na barua hizi.* OptOutPrescreen.com, au 1-888-567-8688. Kwa simu au mtandaoni zinakoma kwa miaka mitano. Ukitaka zikome moja kwa moja, utachapa fomu, utasaini na kuituma kwa posta. Watakuuliza SSN, na hapo ni salama kuitoa kwa sababu ni huduma ya zile kampuni zenyewe za kumbukumbu za mikopo. Barua zilizokwisha kuandaliwa zitaendelea kuingia kwa wiki kadhaa. Alama zako hazitaguswa, na siku ukitaka ofa zirudi, namba ni hiyo hiyo.